Masaa manne kwa mwaka hayafungui ngumi

Ndugu zetu vijana wa Nakivale na wa kambi zingine, na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma humu, leo hatuandiki juu ya posho kupunguzwa wala juu ya nani ameitwa kwenda Canada. Leo tunaandika juu ya kaptula.

Kuna mdogo wetu mmoja upande wa Rubondo. Jina lake hatulitaji, mama yake ametuomba hivyo. Ana miaka 8. Mkono wake wa kulia umejikunja kuelekea kifuani, na kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi. Alipoanza shule, wiki ya pili alirudishwa nyumbani. Si akili iliyomrudisha, maana kuhesabu anajua kuliko wenzake wengi. Alirudishwa kwa sababu akitoka choo hawezi kupandisha kaptula yake kwa mkono mmoja, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Mama yake akaambiwa, "Atarudi akishajiweza." Basi. Mtoto akakaa mlangoni karibu mwaka mzima, anaangalia wenzake wakipita na madaftari.

Tusiwafiche: hata sisi tulikuwa tunapita hapo kila siku. Tunamsalimia, tunampa pipi, tunamwonea huruma, tunaendelea na safari. Siku pekee ambayo tuliona mkono wake ukitafutwa ilikuwa siku ya kuhakiki majina, pale wanapotaka alama za vidole. Siku hiyo watu wazima wawili walimshika, wakavuta vidole kimoja kimoja ili vikae kwenye mashine. Mtoto analia, mama anageuza uso, foleni inanung'unika. Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu, na kutoka hapo ndipo tulianza kuuliza maswali.

Kwanza, hii hali ni nini? Kwa Kiswahili wengi wanaita mtindio wa ubongo. Wale waliopita hospitali za Kongo wanakumbuka herufi tatu kwenye fishi: IMC. Ni ubongo wa mtoto kuumia ukiwa bado unakua, akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au miaka ya kwanza. Kukosa hewa wakati wa uchungu mrefu, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, umanjano mkali wa mtoto mchanga, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo: hizo ni baadhi ya njia. Ukifikiria mama zetu wangapi walijifungua njiani wakikimbia, bila mkunga wala taa, huhitaji kumtafuta mchawi. Haiambukizi. Si laana ya mama. Na ule uharibifu wa ubongo hauongezeki mwaka kwa mwaka. Kinachoweza kuharibika zaidi ni misuli na viungo vikiachwa vikakauka bila kazi.

Wala si hali ya mtoto mmoja tu wa Rubondo. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda, wilaya za Iganga na Mayuge, ukatolewa 2017 katika jarida la The Lancet Global Health, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000. Hesabu watoto wa zone yako, halafu ujiulize wako wapi. Wako ndani, nyuma ya pazia.

Sasa tuje kwenye hoja yetu, na tutaisema wazi: mkono wa mtoto huyu haufunguliwi na mtaalamu anayemshika mara moja kwa mwezi. Unafunguka kwa kazi ambayo mtoto mwenyewe anaifanya, tena na tena, nyumbani, kwa kitu anachokitaka yeye. Na mpango wowote wa shirika ambao haujengwi juu ya ukweli huo unapoteza pesa za wafadhili na miaka ya mtoto.

Tufanye hesabu pamoja. Wakati mradi bado ulikuwa na nguvu, mdogo wetu alikuwa anaonwa na mtaalamu wa mazoezi mara moja kwa mwezi, dakika 20. Mama anambeba mgongoni, au akipata pesa anapanda boda. Dakika 20 mara miezi 12 ni dakika 240. Masaa manne. Masaa manne kwa mwaka mzima! Na sehemu kubwa ya hayo, mtoto amelala kwenye mkeka, mtu mwingine ndiye anauchukua mkono wake, anaunyoosha, anauzungusha, anaurudisha.

Linganisha na hili. Mwaka 2020 watafiti wa Australia, Michelle Jackman na wenzake, walikusanya tafiti nyingi kujua mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya mkono kiasi gani mpaka yaonekane. Jibu lao: ili aweze jambo moja alilolichagua, kama kuvaa nguo fulani, takribani masaa 14 mpaka 25. Ili mkono kwa jumla ufanye kazi vizuri zaidi, masaa 30 mpaka 40. Kwa masaa manne kwa mwaka, mdogo wetu angehitaji miaka mitatu na nusu, au hata sita, ili kupandisha kaptula. Atakuwa kijana wa miaka 14, bado yuko mlangoni.

Lakini nusu saa kwa siku nyumbani inatoa masaa 14 ndani ya siku 28. Hapo ndipo tulipoketi chini tukaangaliana.

Kwa nini mkono unahitaji kazi ya mwenyewe? Mtoto mwenye upande mmoja uliokaza anagundua mapema kwamba ule mzima ni wa haraka. Anautumia huo kwa kila kitu. Ule mwingine ukijaribu unashindwa, ukijaribu tena unashindwa, mwishoni ubongo unaacha hata kuuita. Mtafiti Mmarekani Edward Taub alieleza jambo hili kwa miaka mingi: kuna ulemavu unaotokana na jeraha lenyewe, na kuna wa pili unaoongezeka juu yake kwa sababu kiungo kimezoea kutotumika. Ule wa kwanza hatuwezi kuufuta. Wa pili tunaulisha sisi wenyewe, kila siku, kwa upendo wetu. Tunamlisha, tunamvalisha, tunamshikia kikombe. Kaka mtu anamfungulia chupa kabla hata hajaigusa. Tunadhani tunamsaidia, kumbe tunaufundisha mkono kulala.

Kutokana na mawazo ya Taub ilitoka njia ya kuuzuia mkono mzima kwa muda, kwa soksi au glovu, ili ule mwingine ulazimike kucheza. Inafaa kwa mtoto ambaye ni upande mmoja tu umeguswa, na tafiti nyingi zinaiunga mkono. Sisi tuliposikia hivyo tukakimbilia soksi. Siku ya kwanza tulikosea vibaya. Tuliifunga, tukamwacha acheze na wenzake, sisi tukaingia kwenye stori zetu. Akajikwaa, akashindwa kujizuia, akaanguka uso kwa uso. Mama yake hakututukana, na hilo lilituuma kuliko matusi. Kwa hiyo tunawaonya: msifunge mkono wa mtoto kwa kamba, msimwache peke yake, msilazimishe akilia, na msianze kabla mtaalamu hajamwona na kuwaonyesha. Hiyo si adhabu. Ni mchezo wa muda mfupi, mtu mzima yuko karibu.

Mtaalamu tuliyempata, alipokuja mara ya kwanza, alituambia tuanze na njia nyingine: kazi za mikono miwili. Hii nayo ina tafiti nyuma yake, kule Columbia University New York walitengeneza kambi nzima za michezo ya mikono miwili kwa watoto. Lakini sisi hatukuhitaji vyombo vya New York. Wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa, na maisha ya kambini yamejaa kazi zinazokataa mkono mmoja.

Kupukuchua mahindi, kwa mfano. Mkono dhaifu unashika gunzi, ule mzima unapukuchua. Mkono dhaifu haufanyi kitu cha ajabu, unashika tu, lakini ukilegea gunzi linakimbia, kwa hiyo mtoto mwenyewe anajua amekosea wapi bila kuambiwa. Kuambua maharagi. Kushika bakuli huku mkono mwingine unakoroga uji. Kufungua kifuniko cha jerikani ndogo. Kukamua kitambaa. Kukunja kitenge cha mama, huyu pembe hii, yule pembe ile. Kufinyanga ng'ombe wa udongo. Kutengeneza mpira wa karatasi na kamba, ambao ukimalizika unachezwa hapohapo.

Kuna namna ya kufanya, si kumtupia tu gunzi. Mweke akae imara, miguu ikanyage chini, mgongo usitetereke, maana mwili ukiyumba mkono unakaza zaidi. Usivute vidole kwa nguvu kama walivyofanya siku ile ya alama za vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono taratibu kuelekea ndani, utaona vidole vinalegea vyenyewe. Anza na kitu kinene na chepesi, halafu chembamba, halafu kizito. Na hii ndiyo ngumu kuliko zote: akijaribu, hesabu kimya moja mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Sisi wenyewe ilitushinda siku za mwanzo. Mkono wako unataka kwenda kumfungulia. Kaa juu yake ikibidi!

Lakini kabla ya yote, muulize mtoto anataka nini. Kwenye fomu ya shirika ilikuwa imeandikwa kuboresha nguvu ya kushika. Sisi tulidhani atataka kushika kalamu. Mtaalamu akamgeukia mwenyewe akamuuliza. Akajibu bila kufikiri, "Mi nataka nipandishe kaputula mi mwenyewe." Kimya. Kati ya watu wazima wote tuliokuwa pale, hakuna aliyekuwa ameliwaza. Miaka inapita tunaushughulikia mkono, na mtoto alikuwa anangoja mtu aulize.

Basi tukaacha mengine, tukashika kaptula. Si kufinya mpira ili siku moja labda apandishe kaptula. Kaptula yenyewe. Mwongozo wa kimataifa uliotoka 2022 katika jarida la Developmental Medicine & Child Neurology unasisitiza jambo hilohilo: lengo alilolichagua mtoto, zoezi liwe ni ile kazi yenyewe nzima, mahali anapoishi, na mara nyingi za kutosha. Mama akatoa kifungo na zipu akaweka mpira kiunoni, na huo si udanganyifu, kurahisisha kazi ni sehemu ya tiba. Akashona vitanzi viwili vya kitambaa pembeni ili kidole kipate pa kuingia. Asubuhi anajaribu, jioni akioga anajaribu, Jumamosi chini ya mwembe anashindana na sisi, maana nasi tulivaa kaptula juu ya suruali tukazipandisha huku tumefunga mkono mmoja. Jaribuni mkaone. Tulishindwa vibaya, alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya sita alipandisha. Imepinda, upande mmoja juu mmoja chini, na dakika nzima imekwisha. Mama yake alisimama na ndoo mkononi, hakusema kitu.

Tusidanganyane, hajapona. Mkono bado umekunja, akikimbia unapanda kifuani kama zamani, na siku za baridi unakaza sana. Atakuwa na hali hii maisha yake yote, na anayewaambia kuna mafuta au maombi ya siku saba ya kuiondoa anawala pesa. Lakini mwalimu mmoja alikubali kumpokea tena. Yuko darasani.

Najua, najua, wengine mna maswali. Nasi tuliulizwa mengi.

Mama mmoja alituambia, "Niko na watoto sita, nalima shamba la watu ndio nipate chakula. Hayo mazoezi nitayafanya saa ngapi?" Ana haki kabisa. Tangu msaada wa chakula upunguzwe, mama zetu hawana dakika ya bure. Ndiyo maana hatusemi waongeze kazi mpya, tunasema mtoto aingizwe kwenye kazi ambayo tayari ipo. Mahindi yatapukuchuliwa tu, na yeye akiwepo au asiwepo. Na pale mama anapochoka, sisi vijana tupo. Nusu saa zamu kwa zamu, mtu mmoja siku moja kwa wiki. Mkono mmoja haulei mwana.

Jirani mwingine alikasirika, "Sasa munamutumikisha mutoto mugonjwa?" Hapana. Gunzi tano pamoja na ndugu zake, wakicheka, si utumwa. Utumwa ni kukaa mlangoni mwaka mzima ukihudumiwa kama mgeni nyumbani kwenu.

Wengine walisema, mbona sisi tunamkanda kwa mafuta na maji ya moto tangu mdogo? Endeleeni kama anafurahia, mkono wa mama ni faraja na maji yasiwe ya kuunguza. Ila mjue kumkanda hakuufundishi mkono kazi. Kunyooshwa na mtu mwingine peke yake hakujaonyeshwa kumfanya mtoto atumie mkono vizuri zaidi.

Na swali gumu limetoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika, kijana kama sisi: "Mkisema hivi, wafadhili hawatasema wataalamu hawahitajiki, wakate kabisa?" Tunaliogopa pia. Kwa hiyo tuandike kwa herufi nene: bila mtaalamu sisi tungekuwa bado tunaangusha mtoto na soksi. Yeye ndiye aliyejua aanze na nini, alitazama mkao, akauliza juu ya degedege na jinsi anavyomeza chakula, akatuambia yupi kati ya watoto wetu anahitaji banzi na yupi asiguswe kabla ya kuonwa hospitali. Kuna watoto walioguswa mikono na miguu yote, hao mahitaji yao ni makubwa kuliko kaptula. Hatusemi mtaalamu aondoke. Tunasema atumie dakika zake 20 kumfundisha mama na kaka na mwalimu, badala ya kuzitumia zote juu ya mkeka.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo manne. Acheni kuandika kwenye ripoti ni watoto wangapi "wamefikiwa". Andikeni kila mtoto alitaka nini, na sasa anakiweza au bado. Njooni majumbani, mwone mlango, choo na kiti tunachotumia kweli. Wafundisheni akina mama kwa vikundi, pamoja na VHT na vijana wawili wa kila kijiji, na muwape hata nauli, kwa sababu kujitolea kwa tumbo tupu hakudumu. Na kaeni na walimu, maana mtoto anaweza kushinda kaptula halafu akashindwa na mlango wa shule.

Na sisi vijana je? Sisi tuache neno "kilema" midomoni mwetu. Tuache kupiga picha na watoto hawa kwa ajili ya kupata likes. Jumamosi hii, kila mmoja wetu aulize jirani kama kuna mtoto ndani ya nyumba ambaye hatoki. Ukimkuta, usianze kwa kumshika mkono. Kaa chini naye, mweke gunzi la mahindi katikati yenu, umuulize anataka kuweza nini.

Halafu hesabu mpaka kumi.